Namna ya Kuomba Viza ya Mgeni ya Uingereza kwa Mzazi Anayekwenda Kukaa na Wanawe kwa Miezi Kadhaa

Wazazi wengi wa Tanzania na Kenya wenye watoto wanaoishi Uingereza hutamani kwenda kukaa nao kwa muda mrefu kuliko ule wa mtalii wa kawaida. Binti amejifungua, kijana anahitimu chuo, au miaka mingi imepita bila kuonana ana kwa ana. Sheria za uhamiaji za Uingereza hazina viza maalumu kwa mzazi wa namna hiyo. Ombi lake huingia katika kundi lile lile la viza ya mgeni linalowahusu watalii na watu wanaokwenda mikutanoni, na viza hiyo humruhusu kukaa hadi miezi sita katika safari moja. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mzazi huyo, na pia kwa mtoto wake aliyeko ughaibuni, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayejaza fomu kwa niaba ya wazee.

Uhai wa viza na muda unaouomba

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba uhai wa viza na idadi ya siku unazopanga kukaa ni vitu viwili tofauti. Mtu anayeeleza kwamba atakaa wiki tatu kwa kawaida hupewa viza yenye uhai wa miezi sita, sawa na yule aliyeomba kukaa miezi mitano. Kwa hiyo hakuna faida yoyote katika kuandika miezi sita kwa sababu tu kanuni inairuhusu. Hasara ipo, tena kubwa, kwa kuwa kila mwezi unaouomba unapaswa kupatana na maisha yako ya nyumbani.

Mfano wa mwajiriwa unalionyesha jambo hili vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku 21 za kazi. Mwalimu au muuguzi anayeandika kwamba atakaa Uingereza miezi mitano, huku akiambatisha barua ya mwajiri inayosema ni mtumishi wa kudumu, amemwachia ofisa wa viza wa Uingereza swali zito: ni mwajiri gani anayemngoja mfanyakazi kwa miezi mitano? Kama kweli umepewa likizo bila malipo, barua ya mwajiri iseme hivyo waziwazi, itaje tarehe ya kuondoka na ya kurudi kazini, na ieleze sababu. Kama hukupewa, andika siku zile ulizo nazo.

Mstaafu ana nafasi pana zaidi, kwa sababu pensheni inaendelea kuingia akiwa popote. Hata hivyo yeye naye anatakiwa aeleze nani atabaki na nyumba, shamba au mifugo katika miezi hiyo. Mkulima anaweza kuupanga muda wake kwa kufuata misimu, na ni vyema aseme hivyo katika barua yake: anaondoka baada ya mavuno na atarejea kabla ya mvua za masika, kwa sababu hapo ndipo shamba linapomhitaji. Maelezo ya aina hiyo yana uzito kuliko ahadi tupu ya kurudi, kwa kuwa ofisa anaona sababu ya tarehe.

Zipo pia viza za mgeni za miaka miwili, mitano na kumi. Hizi humwezesha mtu kuingia na kutoka mara nyingi, lakini kila safari moja bado haizidi miezi sita, na hazimpi mtu haki ya kuhamia. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2025, ada ya viza ya miezi sita ilikuwa pauni 127, ya miaka miwili pauni 475, ya miaka mitano pauni 848 na ya miaka kumi pauni 1,059. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, basi hakikisha kiwango cha siku unayolipa katika tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk. Ofisa anaweza kukupa viza fupi kuliko uliyoiomba, na tofauti ya ada hairudishwi. Kwa maoni yangu, mzazi ambaye hajawahi kusafiri nje aanze na ya miezi sita, aitumie vizuri, kisha aombe ya muda mrefu akiwa na rekodi ya kwenda na kurudi kwa wakati.

Kuna watu wachache wanaoruhusiwa kupindukia miezi sita: anayekwenda kwa matibabu ya kulipia anaweza kuomba hadi miezi 11, na msomi anayekidhi masharti hadi miezi 12. Mkaazi wa Tanzania au Kenya anayeomba muda unaozidi miezi sita lazima apimwe kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Cheti cha hospitali nyingine, hata kama ni kubwa, hakikubaliwi. Anayeomba miezi sita au pungufu hahitaji kipimo hicho.

Anachokitafuta ofisa

Kanuni za wageni zinamtaka ofisa aridhike na mambo machache. Kwamba wewe ni mgeni wa kweli na utaondoka mwisho wa matembezi. Kwamba hutafanya Uingereza kuwa makao yako kwa kwenda na kurudi mfululizo. Kwamba hutafanya kazi wala kutegemea misaada ya serikali. Na kwamba kuna fedha za kutosha kugharimia safari nzima, pamoja na nauli ya kurudi. Waombaji wengi wa viza hii hawafanyiwi usaili. Ofisa atakayeamua hatakuona uso, hatakusikia ukieleza, na hajui kwamba wewe ni mzee wa kanisa au imamu unayeheshimiwa mtaani. Anachokijua ni kile tu kilichomo ndani ya fomu na viambatisho, na ndiyo maana maombi ya watu waaminifu kabisa hukataliwa kwa sababu karatasi zao hazikueleza maisha yao.

Swali la mjukuu

Sababu inayowapeleka akina mama wengi ni mtoto aliyezaliwa. Kwetu ni jambo la kawaida mama kwenda kumhudumia binti yake katika siku arobaini, kumkanda, kumpikia uji na kumsaidia na mtoto mchanga, wala hakuna anayeliona kama kazi. Kanuni za Uingereza hazimkatazi bibi kumtunza mjukuu wake. Zinaruhusu ndugu wa karibu kumwangalia mtoto wa familia, mradi iwe ni katika matembezi ya muda mfupi na isiwe sawa na kuajiriwa kuwa mlezi. Mpaka uko hapo, na maneno ya barua ndiyo yanayoamua umesimama upande gani.

Barua inayosema kwamba mama anakuja kulea mtoto kwa miezi sita ili wazazi warudi kazini inasomeka kama ajira, hata kama hakuna senti itakayolipwa. Ikiwa pia miezi sita iliyotangulia alikuja bibi wa upande wa pili kwa sababu ile ile, ofisa ataona mpango wa kudumu wa malezi. Barua inayosema kwamba mama anakuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, kuwa karibu na binti yake katika wiki za mwanzo baada ya uzazi, na kwamba binti yuko katika likizo ya uzazi hadi tarehe fulani, inaeleza matembezi ya kifamilia. Sisemi mtu achague maneno ili kuficha ukweli. Nasema kwamba kama ukweli wenyewe ni kwamba familia inatafuta yaya wa miezi sita, basi hii siyo viza yake, na ni heri ijulikane kabla ya kulipa ada. Na kama mama anakwenda kuona wanawe, familia isiandike kwa haraka maneno yatakayomgeuza mtumishi.

Yapo makatazo mengine yaliyo wazi. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi ya kulipwa Uingereza, wala kufunga ndoa kwa viza hii, kwani ndoa ina viza yake ya mgeni. Tangu tarehe 31 Januari 2024 mgeni anaruhusiwa kuendelea na kazi yake ya nyumbani kwa njia ya mtandao, mradi hiyo isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Hili huwasaidia wafanyabiashara wanaosimamia duka au shule yao kwa simu.

Ushahidi wa fedha na wa maisha ya nyumbani

Hakuna kiasi maalumu cha fedha kilichowekwa na kanuni. Ofisa hulinganisha mapato yako, matumizi yako ya kila mwezi na gharama ya safari, kisha hujiuliza kama hesabu hizo zinakubaliana. Ambatisha taarifa za benki za miezi sita hivi, zinazoonyesha fedha zinavyoingia na kutoka. Kinachowaangusha watu wengi ni fedha nyingi kuingia ghafla wiki moja kabla ya ombi. Mzazi ambaye akaunti yake ilikuwa na shilingi laki tatu mwaka mzima, kisha ikapokea milioni kumi na tano siku moja, ataonekana ameazima. Kama ni fedha halali, eleza chanzo chake na uambatishe ushahidi: mkataba wa mauzo ya kiwanja, malipo ya mafao, au mgawo wa kikoba wenye muhuri na saini za viongozi. Kama mtoto ndiye aliyetuma, acha ieleweke hivyo, kwa sababu hakuna haja ya kumfanya mzazi aonekane tajiri.

Kanuni zinaruhusu mtu mwingine kugharimia safari, mradi awe na uhusiano wa kweli na mgeni, awe hajavunja sheria za uhamiaji, na awe na uwezo na nia ya kumhudumia kwa muda wote. Mtoto mwenyeji aandike barua inayotaja uhusiano, tarehe, mahali mzazi atakapolala na nani analipia nini, kisha aambatishe ushahidi wa hadhi yake ya ukaazi au uraia, hati za mshahara, taarifa za benki, na mkataba wa nyumba au bili ya kodi ya halmashauri. Ataje pia wangapi wanaishi katika nyumba hiyo na ina vyumba vingapi. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzazi ndicho kinachofunga mnyororo huu. Mahali ambapo majina yanatofautiana, kama vile binti aliyechukua jina la mume au mzee anayejulikana kwa majina mawili, weka cheti cha ndoa au kiapo cha majina.

Hata hivyo udhamini wa mtoto hauondoi haja ya kuonyesha kinachomrudisha mzazi nyumbani. Mtoto mwenye kipato kizuri anathibitisha kwamba mzazi hatalala njaa, lakini hathibitishi kwamba ataondoka. Hapa ndipo maombi mengi ya wazee yanapokosa nguvu, kwa sababu maisha yao hayana karatasi nyingi. Usikate tamaa, tafuta zilizopo. Mstaafu aweke taarifa za pensheni. Mfanyabiashara aweke leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na risiti za kodi, na kama fedha zake hupitia simu zaidi ya benki, aombe taarifa ya miamala ya simu kutoka kwa kampuni husika. Mkulima aweke hatimiliki ya kimila au hati ya kiwanja, pamoja na stakabadhi za chama cha ushirika anakouzia mazao. Barua ya ofisa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, na kwa Zanzibar barua ya sheha, inaweza kuthibitisha makazi na watu anaoishi nao. Mume au mke anayebaki, watoto wadogo wanaosoma na mzazi mgonjwa anayetunzwa wote ni sehemu ya ushahidi, na watajwe katika barua ya mwombaji.

Nyaraka nyingi kati ya hizi zimeandikwa kwa Kiswahili, na hati yoyote isiyo ya Kiingereza au Kiwelshi lazima iambatane na tafsiri kamili. Tafsiri hiyo iwe na tamko la mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa huduma ya tafsiri zilizothibitishwa, na inafaa kuitumia. Tafsiri iliyofanywa na mpwa bila saini wala mawasiliano inaweza kuachwa, na barua ya sheha iliyokuwa nguzo ya ombi ikawa kama haipo.

Fomu, malipo na kituo cha alama za vidole

Ombi hujazwa mtandaoni kupitia gov.uk, kwa Kiingereza, na halipokelewi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya safari. Kabla ya kuanza, angalia pasipoti: iwe hai kwa muda wote wa safari. Fomu huuliza safari za miaka kumi iliyopita, mapato na matumizi ya mwezi, gharama ya safari, ndugu walioko Uingereza, na kama uliwahi kunyimwa viza na nchi yoyote. Swali la kunyimwa lijibiwe kwa ukweli, hata kama ni viza ya nchi nyingine ya zamani. Kunyimwa kulikotajwa kunaweza kuelezwa, ilhali kulikofichwa huhesabiwa kuwa udanganyifu.

Mtoto anayejaza fomu kwa niaba ya mzazi amsomee kila jibu kwa Kiswahili, amwulize kama ndivyo, na asikisie mapato yake. Mzazi ndiye anayetia saini na ndiye atakayeulizwa. Tarehe ya kuanza safari nayo ichaguliwe kwa makini, kwa sababu uhai wa viza ya miezi sita huhesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye viza, na siyo siku ya kufika. Aliyepewa viza inayoanza Juni mosi akasafiri Agosti mosi amebakiwa na takriban miezi minne.

Baada ya kulipa kwa kadi, mwombaji huchagua siku ya kwenda kituo cha maombi ya viza, Dar es Salaam au Nairobi, akapigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Hati anaweza kuzipakia mwenyewe mtandaoni bila malipo, na ni bora azipange kwa majina yanayosomeka. Huduma nyingi zinazouzwa kituoni ni za hiari na hazimfanyi ofisa alione ombi kwa jicho jema zaidi. Muda wa kawaida wa kupata jibu ni wiki tatu tangu siku ya alama za vidole, basi usinunue tiketi isiyorudishika kabla ya jibu kutoka.

Naomba wazee na watoto wao wajihadhari na vishoka wanaoahidi viza ya uhakika. Hakuna wakala mwenye uwezo huo. Barua ya kazi ya bandia au taarifa ya benki iliyochongwa ikigundulika, ombi hukataliwa kwa sababu ya udanganyifu na mwombaji anaweza kufungiwa kuingia Uingereza kwa miaka kumi. Ombi linaweza kukataliwa hata kama mzazi mwenyewe hakujua alichowekewa ndani ya bahasha. Anayehitaji ushauri wa kulipia kutoka Uingereza atafute mwanasheria, au mshauri aliyesajiliwa na mamlaka ya ushauri wa uhamiaji ya huko.

Ombi likikataliwa

Ada hairudishwi, na kwa kawaida hakuna haki ya rufaa katika viza ya mgeni isipokuwa kwa misingi ya haki za binadamu. Njia ya kawaida ni kuomba upya, na hakuna muda maalumu wa kungoja kama tatizo halikuwa udanganyifu. Isome barua ya kukataliwa sentensi kwa sentensi. Ikisema chanzo cha fedha hakieleweki, jibu kwa hati za chanzo. Ikisema hakuna kinachokuunganisha na nyumbani, usiongeze taarifa za benki za mtoto, kwa kuwa siyo zilizoulizwa. Kutuma makaratasi yale yale baada ya wiki mbili ni kulipia jibu lile lile.

Safarini na wakati wa kukaa

Viza haimalizi maswali yote. Ofisa wa mpakani, Heathrow au Manchester, anaweza kumwuliza mzazi anakwenda wapi, kwa nani na kwa muda gani, na majibu yakipingana na fomu anaweza kuzuiwa. Nakala ya barua zote, anwani na namba ya simu ya mwenyeji ziwe kwenye mkoba wa mkononi, wala zisiwe ndani ya sanduku lililokabidhiwa. Kama mzee hazungumzi Kiingereza, aombe mkalimani bila aibu. Jibu la kubahatisha kwa lugha asiyoijua ni hatari kuliko kusubiri.

Kuhusu afya, mgeni anaweza kumwona daktari wa kawaida na kuhudumiwa katika kitengo cha dharura bila malipo, lakini akilazwa au akihitaji matibabu mengi ya hospitali hutozwa asilimia 150 ya gharama ya huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS. Deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa linaweza kuwa sababu ya kukataliwa viza baadaye. Bima ya safari si sharti la viza, lakini kwa mzazi mwenye shinikizo la damu au kisukari naiona kuwa ya lazima, na bima hiyo itaje wazi kwamba inagharimia magonjwa aliyonayo tayari. Abebe dawa za kutosha pamoja na cheti cha daktari.

Muda wa miezi sita hauongezwi kwa sababu ya mapenzi ya wajukuu, na mgeni kwa kawaida hawezi kugeuza viza hii kuwa ya ukaazi akiwa ndani ya nchi. Kupitiliza muda ni kosa la jinai na kunaweza kuleta marufuku ya kuingia ya mwaka mmoja au zaidi. Weka tarehe ya kurudi wiki moja au mbili kabla ya viza kuisha, ili ndege ikifutwa au mtu akiugua kuwe na nafasi. Akisharudi, mzazi atunze vipande vya tiketi za ndege na nakala ya ukurasa wenye muhuri wa Uhamiaji wa kuingia nyumbani, kwa kuwa hati hizo ndizo zitakazotangulia kuambatishwa katika ombi la viza ya miaka miwili au mitano.